Kesi ya Jamhuri Haimalizwi Sebuleni

Faili iliitwa mara tatu. Mshtakiwa alikuwa kizimbani, koti limepigwa pasi, mikono ameifumbata mbele. Mlalamishi hakuwako. Mama yake hakuwako, baba yake hakuwako, wala afisa wa upelelezi hakuwako. Kiongozi wa mashtaka akasimama, akaiarifu mahakama kwamba jamaa ya mlalamishi haina haja tena ya kuendelea, na kwamba anaomba kuyaondoa mashtaka chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Hakimu aliuliza maswali mawili, akaandika mistari michache, akamwachilia. Hazikutimia dakika kumi. Sisi tulioketi kwenye benchi la nyuma tulikuwa tumemsindikiza mtoto huyo, msichana wa miaka 13, mara nne kabla ya siku ile, na mara zote nne kesi iliahirishwa.

Tulipouliza tukaambiwa yaliyotendeka. Majuma mawili kabla ya tarehe ya kusikizwa kwa kesi, mtoto alipelekwa kwa shangazi yake katika kaunti nyingine. Baba yake alipokea ng'ombe wawili na fedha ambazo zilipewa jina la karo. Kikao kilichoyapanga hayo kiliketi sebuleni mwa mzee wa kanisa. Kilifunguliwa kwa sala na kikafungwa kwa sala. Hatutalitaja kanisa lile wala mahali pale, kwa ajili ya mtoto mwenyewe. Lakini msomaji asijifariji kwamba jambo hili liko kwa jirani. Liko kwetu.

Wakenya wapenda haki wamezoea kulaumu mahakama kila mbakaji anapotoka akiwa huru. Lawama hiyo ina kweli yake, nasi tutaifikia. Hata hivyo, kwa yale ambayo tumeyaona kwa macho yetu katika kuwasindikiza walalamishi, kesi nyingi za ubakaji na unajisi hazishindwi mahakamani. Huuawa njiani kabla shahidi hajaapa, na wanaoziua mara nyingi ni watu wenye heshima zao: baba, mjomba, chifu, mzee wa mtaa, mchungaji. Ni watu ambao wangelia kwa hasira iwapo mwizi wa kura angesamehewa kwa ng'ombe wawili.

Turudi nyuma kidogo, maana sisi wa harakati za mageuzi tuna deni letu katika habari hii. Mwaka wa 1991 ndio mwaka ambao kifungu cha 2A kilifutwa, tukashangilia kwamba Kenya imerudi katika mfumo wa vyama vingi. Mwaka huo huo, usiku wa Julai 13, wavulana wa shule ya Mtakatifu Kizito huko Meru walivamia bweni la wasichana wenzao. Wasichana 19 waliaga dunia, na wengine 71 wakaripotiwa kubakwa. Naibu wa mkuu wa shule aliripotiwa akieleza kwamba wavulana hawakuwa na nia ya kuwadhuru wasichana, walitaka tu kuwabaka. Taifa lilishtuka, magazeti yakaandika, kisha tukarejea kwenye siasa zetu. Mwaka uliofuata, Machi 1992, askari waliwavamia akina mama wa wafungwa wa kisiasa pale Uhuru Park, mahali palipokuja kuitwa Pembe ya Uhuru. Akina mama wale wakavua nguo mbele ya askari, silaha ya mwisho ya mzazi aliyenyang'anywa kila kitu. Kanisa Kuu la Watakatifu Wote likawafungulia mlango, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Hiyo ndiyo kumbukumbu tunayojivunia. Lakini ni mikutano mingapi ya miaka ile iliyoketi kuuliza kwa nini msichana aliyebakwa alitendewa na sheria kama mshukiwa?

Kwa maana ndivyo sheria ilivyokuwa. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kutoka kwa wakoloni iliuweka ubakaji katika sura ya makosa dhidi ya maadili, kana kwamba aliyeumizwa ni adabu ya jamii wala si mwili wa mtu. Mahakama nazo zilikuwa na desturi ya kutoliamini neno la mwanamke peke yake. Aliyeibiwa kuku aliaminiwa akisema ameibiwa. Aliyebakwa alitakiwa kuleta ushahidi wa pili wa kuliunga mkono neno lake, jambo ambalo, kwa kosa litendwalo faraghani, ni sawa na kuambiwa usishtaki kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Mukungu, ilitamka kwamba desturi hiyo ni ya ubaguzi na inakwenda kinyume cha Katiba. Leo kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa aliyetendewa peke yake, mradi ameridhika kwamba anasema kweli na ameandika sababu zake.

Kisha ikaja Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, iliyopelekwa Bungeni na Njoki Ndung'u. Haikupita kwa urahisi. Wakati wa mjadala mbunge mmoja alidai kwamba mwanamke akisema hapana huwa ana maana ya ndiyo, na wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi. Sheria iliyopatikana iliachwa na makovu ya mjadala ule. Haimgusi mume anayemlazimisha mkewe wa ndoa halali. Na kwa miaka kadhaa ilibeba kifungu cha 38, kilichotishia kwamba anayeleta mashtaka ya uongo atapata adhabu ile ile ambayo mshtakiwa angepata. Ni mjane gani wa kijijini angekwenda kituoni akijua kwamba kesi ikivunjika kwa uzembe wa polisi huenda yeye ndiye atakayefungwa? Kifungu hicho kilifutwa mwaka wa 2012, ingawa bado tunakutana na watu wanaotishwa nacho kana kwamba kingali hai.

Pamoja na kasoro hizo, hatuwezi tena kusema kwamba hatuna sheria. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake anaweza kufungwa maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa miaka 16 na 17, si chini ya miaka 15. Mvulana analindwa sawa na msichana. Historia ya maisha ya mlalamishi haipekuliwi ovyo. Shahidi aliye dhaifu anaweza kutoa ushahidi akiwa amekingwa asitazamane na mshtakiwa, au kupitia kwa mtu wa kumsaidia kusema. Upungufu uko kwenye mwendo kutoka mlangoni pa nyumba hadi kizimbani, na mwendo huo inafaa tuueleze hatua kwa hatua, kwa kuwa ndipo msomaji wetu anapoweza kusaidia.

Saa za kwanza ndizo za thamani. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita. Ushahidi wa mwilini hupotea kwa maji na sabuni, na mama mwema, kwa upendo wake, kitu cha kwanza anachofanya ni kumwogesha mtoto na kuzifua nguo zake. Hakuna aliyemfundisha vinginevyo. Tumehubiri mengi katika mikutano ya akina mama, ila si hili: asiogeshwe, nguo zisifuliwe, zitiwe katika karatasi wala si katika mfuko wa plastiki, aende hospitali moja kwa moja hata kabla ya kwenda polisi. Hospitalini kuna fomu ya huduma baada ya ubakaji, ambayo wahudumu huiita PRC. Polisi wana fomu yao ya P3, ambayo hutolewa bila malipo, na ambayo tumeona watu wakirudishwa nyumbani eti hakuna nakala, eti mashine ya kuchapisha imeharibika, eti njoo Jumatatu. Jumatatu ni siku ya nne.

Na hata fomu ikijazwa, daktari aliyeijaza huitwa mahakamani mwaka mmoja au miwili baadaye, akiwa amekwisha hamishwa. Mara atumwe mwenzake anayeutambua mwandiko wake, mara wakili wa utetezi apinge, mara tarehe mpya itolewe. Mlalamishi naye amepanda matatu alfajiri kwa nauli ya kukopa, ameketi katika ukumbi mmoja na mshtakiwa na ndugu zake, kisha anaambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Hakimu akihamishwa kesi ikiwa katikati, kifungu cha 200 kinampa mshtakiwa nafasi ya kudai mashahidi waitwe upya. Mtoto aliyekwisha kusimulia mbele ya polisi, daktari, afisa wa watoto na hakimu wa kwanza, anatakiwa kusimulia tena tangu mwanzo. Mahakama maalumu ya kesi za dhuluma za kijinsia iliyofunguliwa Shanzu, Mombasa, mwaka wa 2022 ilikusudiwa kuharakisha mambo haya, na nyingine zimefuata. Tunazipongeza. Ila mahakama ya haraka haimfikii mtoto ambaye amekwisha fichwa kwa shangazi.

Kuna imani moja ambayo inapasa tuivunje hapa. Watu wengi hufikiri kwamba bila kipimo cha DNA hakuna kesi, na polisi wengine huwaambia walalamishi hivyo hivyo. Si kweli. Mahakama zimesema mara nyingi kwamba ubakaji huthibitishwa kwa ushahidi kwa jumla. Kipimo ni msaada, si sharti. Kinachoangusha kesi nyingi za unajisi ni kitu kidogo zaidi, nacho ni umri. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe umri wa mtoto, kwa kuwa adhabu inategemea umri huo. Cheti cha kuzaliwa kisipopatikana, mahakama zimekubali kadi ya kliniki na hata kadi ya ubatizo. Karani wa parokia anayetunza daftari lake vizuri, na ambaye hasiti kutoa nakala anapoombwa, anaweza kuwa nguzo ya kesi nzima. Tunaomba mapadri na wachungaji walisome hili mara mbili.

Sasa tufike sebuleni.

Wazee wanaoketi kusuluhisha unajisi hutoa hoja tatu, nasi tumezisikia zote. Ya kwanza ni amani ya jamaa, kwa maana mara nyingi mshtakiwa ni mtu wa ukoo ule ule au jirani wa mpaka mmoja. Ya pili ni umaskini: mshtakiwa akifungwa, mtoto hafaidiki kitu, lakini ng'ombe watamsomesha. Ya tatu ni Katiba yenyewe. Wazee wa siku hizi wanajua kwamba kifungu cha 159 kinazitambua njia za kimila za kutatua migogoro, na wengine wanakumbuka kwamba mwaka wa 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliruhusu kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kupatana.

Hatudharau hoja ya umaskini. Tumeiona nyumba ya mtoto yule. Lakini na tuulize: ni nani aliyekula ng'ombe? Hakuna kikao ambacho tumewahi kukisikia kikimwita mtoto na kumwuliza anataka nini. Bei hupangwa na wanaume wa pande mbili, na mali huingia zizini mwa baba. Na ile amani ya jamaa, mtoto ndiye anayeilipia kila siku anapokutana na mtu huyo njiani akienda kuchota maji. Ama Katiba, kifungu hicho hicho cha 159, katika ibara yake ya tatu, kinasema kwamba njia za kimila zisitumiwe kwa namna inayovunja haki za binadamu au iliyo kinyume cha sheria. Nayo Sheria ya Makosa ya Kingono, katika kifungu cha 40, iliutoa uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka mikononi mwa polisi na jamaa, ikaukabidhi kwa Mwanasheria Mkuu. Tangu Katiba ya 2010, mamlaka ya mashtaka yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye hawezi kuyaondoa pasipo ruhusa ya mahakama. Jina lililoandikwa juu ya jalada ni Jamhuri. Baba hana la kuuza.

Swali basi ni kwa nini viongozi wa mashtaka husimama na kusema jamaa haitaki, na kwa nini mahakimu huridhika. Jibu ni kwamba bila shahidi hakuna kesi, na hapo tunarudi pale pale. Ofisi ya mashtaka inaweza kuomba wito, au hata hati ya kumleta shahidi. Inaweza kumwuliza afisa wa upelelezi mtoto yuko wapi na ni nani aliyemhamisha. Mara nyingi haiulizi. Faili ni nyingi, na faili iliyofungwa ni faili iliyopungua.

Uzembe huo wa dola umekwisha hukumiwa. Mei 27, 2013, Mahakama Kuu ya Meru, katika kesi iliyoletwa kwa niaba ya wasichana walionajisiwa na ambao malalamiko yao polisi hawakuyachunguza, iliamua kwamba kutochunguza huko kulivunja haki zao za kikatiba, na ikaamuru polisi wachunguze kwa haraka na kwa ustadi. Majuma machache baadaye, huko Busia, msichana wa miaka 16 alibakwa na genge la vijana na kutupwa katika shimo la choo. Washukiwa waliokamatwa walipewa adhabu ya kufyeka nyasi za kituo cha polisi, wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Ilichukua kelele za nchi nzima na za nje, na sahihi zaidi ya milioni moja, ndipo kesi ikafunguliwa, na wanaume watatu wakahukumiwa kifungo cha miaka 15 mwezi wa Aprili 2015. Wale waliobakwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 walingoja hadi Desemba 2020 ndipo Mahakama Kuu ikatamka kwamba serikali ilishindwa kuchunguza, na ikawapa wanne kati ya wanane walioshtaki fidia ya shilingi milioni nne kila mmoja. Miaka kumi na mitatu! Waliowabaka, je?

Kuna jambo ambalo hatuwezi kulipita kimya, kwa kuwa wasomaji wetu wakongwe watatuuliza. Sisi tulizijua mahakama za zamani. Tuliona watu wakifungwa usiku kwa mashtaka ya kubuni, bila wakili, hukumu imeandikwa kabla ya kesi. Je, leo tunataka watu wafungwe kwa wingi ili mradi hesabu ya waliofungwa ipande? La. Mtu anayeshtakiwa kwa ubakaji ana haki zote ambazo tulizidai kwa ajili ya wafungwa wa kisiasa: wakili, nakala za ushahidi, hakimu asiye na upendeleo, na kuachiliwa pale ushahidi unapopungua. Tunakiri pia kwamba sheria ina mahali panapouma. Mvulana wa miaka 18 na msichana wa 17 waliokuwa wapenzi hujikuta katika kosa lile lile na mzee wa miaka 50 aliyemvizia mtoto kichakani. Mwaka wa 2019 majaji wa Mahakama ya Rufaa walisema nchi iketi ijadili jambo hilo. Mahakama ya Juu, mnamo Julai 2024, iliamua kwamba adhabu za chini zilizowekwa na Bunge zinabaki hadi Bunge lenyewe lizibadilishe. Basi mjadala huo ni wa Bunge, na tunautaka ufanywe hadharani. Usifanywe kijijini kwa siri, kesi baada ya kesi, na mwenye ng'ombe wengi akipata sheria yake.

Wasomaji wetu wa makanisani wanaijua habari ya Tamari, binti wa mfalme Daudi. Tunaikumbuka kwa dhambi ya Amnoni. Mara chache tunayatazama yaliyofuata: ndugu yake alimwambia anyamaze kwa kuwa aliyemtendea ni ndugu, na mfalme, aliyekuwa ndiye mahakama ya nchi, alipata habari, akakasirika sana, na asifanye lolote. Tamari akakaa mkiwa nyumbani mwa kaka yake. Kikao cha sebuleni ni cha zamani kuliko tulivyodhani, na hasira isiyokwenda mahakamani ni ya zamani vile vile.

Tunaomba mambo ambayo hayahitaji ruhusa ya serikali. Kila kamati ya haki na amani ya parokia, na kila tawi letu, iwe na watu wawili wanaojua njia ya hospitali, kituo na mahakama, watakaomsindikiza mlalamishi tangu siku ya kwanza. Waiandike nambari ya kitabu cha matukio, jina la afisa, tarehe ya kila kuahirishwa na sababu iliyotolewa. Iwepo nauli, kwa kuwa kesi nyingi zimekufa kwa kukosa shilingi mia tano. Na mzee wa kanisa atakayekaribisha kikao cha kuuza kesi ya mtoto avuliwe uzee, kama angevuliwa kwa kuiba sadaka.

Tumalizie na yule wa miaka 13. Kuondolewa kwa mashtaka chini ya kifungu cha 87(a), kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, hakumzuii Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kumshtaki tena mtu huyo kwa kosa lile lile. Fomu ya P3 imo katika faili. Kadi ya ubatizo tunayo nakala yake. Tumeiandikia ofisi ya mashtaka ya kaunti barua mbili tukiomba faili ifunguliwe upya na mtoto arudishwe chini ya uangalizi wa afisa wa watoto. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili tuliipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nasi tutarudi pale Jumatano asubuhi. Walio karibu na ambao wana nafasi waje tuwe wengi. Tutakutana nje ya lango la mahakama saa mbili.